Ruiru 11 ilipolaumiwa bure: kisa cha shamba moja na chulebuni

Familia moja ya wakulima wa kahawa katika nyanda za juu za Kenya, mashariki ya Bonde la Ufa, ilikuwa imekwisha kupanga siku ya kung'oa miti yake ya Ruiru 11, aina ya kahawa inayopandwa kwa ajili ya kinga yake. Matunda mabichi yalikuwa yanaoza mtini, na ugonjwa wenyewe ni uleule walioambiwa kwamba aina hiyo inaukinza: chulebuni, ambao wakulima wengi wa huko huuita CBD tu, kwa ufupi wa jina lake la Kiingereza, coffee berry disease. Majirani walishatoa hukumu. Walisema kinga ya Ruiru 11 imekwisha, na anayeendelea kuipanda anajidanganya.

Niliitwa kukagua shamba hilo kabla ya mapanga kufanya kazi. Majina, kaunti na chama cha ushirika nimeviondoa, na mambo yasiyohusu ugonjwa nimeyapunguza. Nimeona kisa hiki kinafaa kuelezwa kwa urefu kwa sababu madai ya "kinga imekwisha" huenea haraka kuliko kuvu chenyewe, na mara nyingi hakuna aliyeinama chini ya mti kuangalia tunda bovu linatoka kwenye tawi lipi.

Ugonjwa na aina zinazoukinza

Chulebuni husababishwa na kuvu kiitwacho Colletotrichum kahawae. Kiliripotiwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, magharibi ya Bonde la Ufa, na hadi leo hakijathibitishwa nje ya bara la Afrika. Hupenda baridi na mvua, ndiyo maana mashamba ya juu huumia zaidi kuliko ya chini. Matone ya mvua ndiyo yanayosambaza spora zake, yaani chembe zake ndogo za uzazi, kutoka tunda hadi tunda, na spora huhitaji tunda libaki na unyevu kwa saa kadhaa ili ziote na kupenya ganda.

Tunda haliko hatarini kwa kiwango kilekile maisha yake yote. Kipindi kibaya zaidi ni takriban wiki ya 4 hadi ya 14 baada ya maua, tunda linapotanuka. Hapo hutokea doa jeusi lililobonyea, ambalo hukua hadi likafunika tunda zima na kuharibu buni ndani. Tunda ama huanguka ama hukauka likiwa limeng'ang'ania tawi, na hilo lililong'ang'ania ndilo ghala la spora za msimu unaofuata. Katika ukanda huo maua makuu hufuata mwanzo wa mvua ndefu, kwa hiyo matunda hutanuka wakati mvua ingalipo na baridi ya Juni na Julai inaingia. Kuvu hiki hakiombi zaidi ya hapo.

SL28, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories miaka ya 1930 na kusifiwa kwa ladha yake na uvumilivu wake wa ukame, haina kinga ya maana dhidi ya chulebuni wala kutu ya majani. Mlipuko mkubwa wa miaka ya 1960 uliwasukuma watafiti wa kahawa walioko Ruiru, Kenya, kuanzisha mradi wa kuzalisha aina kinzani mwaka 1971. Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, na Batian, aina nyingine kinzani, mwaka 2010.

Ruiru 11 si aina moja kama SL28 ilivyo aina moja. Ni mkusanyiko wa machotara mengi, ambayo mama yao ni Catimor (mseto wa Caturra, kahawa fupi, na Híbrido de Timor) na baba zao ni miti iliyochaguliwa kwa kinga na ubora. Kinga dhidi ya chulebuni imetoka pande kadhaa. Jeni iitwayo R inatoka kwa Rume Sudan, kahawa ya Uwanda wa Boma, Sudan Kusini, na hutawala hata ikiwa na nakala moja. T inatoka kwa Híbrido de Timor, mseto wa asili wa arabika na robusta, na nguvu yake ni ya kati. Ya tatu, k, inapatikana katika Rume Sudan na K7, aina nyingine ya kahawa, na hufanya kazi tu mti unapoirithi kutoka pande zote mbili. Bila haya machache, sehemu kubwa ya kisa hiki haieleweki.

Shamba lilivyokuwa

Mwenye shamba ni mama mzee aliyelirithi pamoja na miti ya SL28 iliyokwishazeeka. Kazi za kila siku zilikuwa mikononi mwa mwanawe. Shamba liko juu, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka, na kwa miaka walikuwa wakipuliza dawa za shaba kila msimu wa mvua. Gharama ya dawa na vibarua ilikuwa inakula mapato, na katika misimu ambayo pesa ilikosekana walipuliza mara moja au mbili tu kisha wakaacha.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Dawa ya shaba haiponyi tunda lililokwisha kuingiliwa. Inazuia spora kuota, kwa hiyo lazima iwepo juu ya tunda kabla ya mvua na irudiwe tunda linapoendelea kutanuka. Utafiti uliofanywa Kenya miaka ya 1970 ulionyesha hata kwamba upulizaji usiofuata wakati unaweza kuuacha mti na ugonjwa mwingi kuliko mti usiopulizwa kabisa, kwa kuwa dawa huua pia vijidudu visivyo na madhara ambavyo hushindana na kuvu. Mama huyu alikuwa akilipia dawa na bado akipoteza matunda. Kutafuta miti isiyohitaji dawa lilikuwa wazo sahihi.

Walivyobadilisha aina

Shamba liligawanywa sehemu nne, ingawa familia yenyewe haikuwa ikiliona hivyo wakati huo.

Sehemu ya kwanza walikata miti ya SL28, wakaacha machipukizi machache kwenye kila kisiki, na yalipofikia unene wa penseli wakaita fundi kuyapachika vijiti vya Ruiru 11 ili viote juu yake. Sababu yao ilikuwa nzuri: mizizi ya SL28 imekwenda chini, inavumilia kiangazi, na mavuno hurudi mapema kuliko kwa mche mpya. Walikubali kwamba nafasi ingebaki ile ya zamani, takriban miti 1,330 kwa hekta, wakati Ruiru 11 kwa ufupi wake inaweza kupandwa hata 2,500.

Sehemu ya pili ilipandwa miche iliyonunuliwa kwenye kitalu kilichoidhinishwa. Walitaka mingi zaidi, lakini miche ya Ruiru 11 huwa haba. Mbegu yake huzalishwa kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua kwa ua, na kazi hiyo haiendi haraka.

Hapo ndipo sehemu ya tatu ilipozaliwa. Mtu mmoja wa eneo lao alikuwa na miche tele, ya bei nafuu, na alisema kwa uaminifu kabisa kwamba ni ya Ruiru 11: alikuwa ameokota mbegu na maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe, chini ya miti ya Ruiru 11 iliyokuwa safi na yenye kuzaa sana. Miche mirefu aliitupa kitaluni, akabakiza mifupi iliyofanana na mama yake. Kijana wa familia aliikagua, akaiona ina afya, akainunua. Sioni hila yoyote kwa muuzaji, na ni muhimu kusema hivyo, maana hadithi hizi hupenda kutafuta mwizi.

Sehemu ya nne ilibaki SL28, kwa ajili ya ladha na kwa sababu pesa ilikwisha.

Mavuno ya kwanza yalipoanza, familia iliacha kupuliza dawa shamba zima, hata ile SL28. Hoja ya kijana ilikuwa kwamba mistari michache ya SL28 haistahili kuitiwa bomba na vibarua. Msimu mmoja ulipita kwa amani kwa sababu mvua zilikuwa chache. Uliofuata ulikuwa wa mvua ndefu na baridi kali.

Ugonjwa unarudi

SL28 ilianza kuoza kwanza, na hakuna aliyeshangaa. Kisha matunda meusi yakaonekana kwenye sehemu ya tatu, na baada ya muda mfupi kwenye miti iliyopachikwa. Majirani walikuja kuangalia. Kijana alimwambia mama yake kwamba wamerudi walikotoka, na mama akajibu kwamba kama ni kurudi, basi heri wapande kitu kingine kabisa. Fundi wa kukata miti akaitwa.

Mambo mawili yaliwafanya waamini kwamba kinga imevunjika. La kwanza, waliona ugonjwa kwenye sehemu zaidi ya moja, kwa hiyo haukuonekana kuwa kosa la miche fulani. La pili, walikuwa wamesikia kwamba kutu ya majani hubadilika na kushinda aina kinzani. Hilo ni kweli kwa kutu: makundi yake yanayojulikana duniani yamepita 40, na Catimor kadhaa katika nchi mbalimbali zimewahi kushindwa. Lakini kutu na chulebuni ni kuvu viwili tofauti. Kwa chulebuni, kinachojulikana wazi ni kwamba baadhi ya vimelea vina ukali kuliko vingine. Makundi yanayochagua aina fulani na kuishinda kabisa hayajathibitishwa kwa namna inayofanana na kutu. Ushahidi wa ugonjwa mmoja ulikuwa umehamishiwa kwenye mwingine.

Ukaguzi

Tulianza kwa kukataa kuhesabu shamba kama kitu kimoja. Tulipita mti kwa mti tukiwa na rangi, na kila mti uliokuwa na tunda bichi lenye doa jeusi lililobonyea ulitiwa alama. Matunda yaliyoiva hatukuyahesabu. Tunda jekundu huweza kushambuliwa na ndugu wa kuvu hiki ambao si chulebuni, na wakaguzi wengi hupotea hapo. Matunda tuliyoyatilia shaka tuliyafungia usiku kucha kwenye chombo chenye unyevu. Doa la chulebuni hutoa utando wa spora wa rangi ya waridi, na mara nyingi hutosha kumaliza ubishi.

Katika sehemu iliyopachikwa jambo lilijitokeza haraka. Karibu matunda yote mabovu yalikuwa kwenye matawi marefu yenye pingili zilizoachana, na matawi hayo ukiyafuata kwa mkono hadi chini yanatoka kwenye kisiki, chini ya mahali palipopachikwa. Hayakuwa Ruiru 11. Yalikuwa machipukizi ya SL28 yaliyoachwa yakakua, yakachanganya majani yake na ya kijiti kilichopachikwa, yakazaa, na yakaugua kama SL28 inavyougua. Kwenye baadhi ya visiki kijiti kilikuwa kimekufa zamani na mti wote uliokuwa ukiitwa Ruiru 11 ulikuwa SL28. Mama mwenye shamba aliinama mwenyewe, akashika kovu la kupachika kwa vidole, akakaa kimya akilichunguza. Fundi aliondoka siku hiyo bila kukata mti.

Kwenye vijiti vyenyewe tulikuta madoa machache, mengi ya aina ya kovu kavu lenye rangi ya kijivu lisilotanuka. Hiyo ni dalili ya mti unaopigana. Kinga ya Ruiru 11 haimaanishi kwamba spora haitui juu ya tunda. Inamaanisha kwamba tunda hufanikiwa kuizuia kabla haijafika kwenye buni.

Miche ya kitalu kilichoidhinishwa ilikuwa safi kwa chulebuni. Ilikuwa na madoa ya kahawia upande wa matunda unaopigwa na jua, ambayo ni ya Cercospora, kuvu kingine kinachoandama miti iliyobeba mzigo mkubwa bila mbolea ya kutosha. Familia ilikuwa imeyahesabu hayo pia kama CBD.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyokuwa na ugonjwa wa kweli kwenye miti iliyoitwa Ruiru 11. Hapa hapakuwa na mpangilio wowote shambani. Mti uliojaa matunda meusi ulisimama kati ya miwili iliyo safi. Mingine ilikuwa na ugonjwa wa wastani. Na licha ya kuchaguliwa kitaluni, ilikuwepo miti mirefu hapa na pale iliyoponyoka jicho la muuzaji.

Kwa nini miche ya maotea iliugua

Arabika hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mbegu iliyookotwa chini ya SL28 hutoa SL28. Mkulima aliyezoea hivyo ana kila sababu ya kudhani mambo ni hayohayo kwa Ruiru 11. Lakini mti wa Ruiru 11 ni chotara, na nyingi za jeni zake za kinga zina nakala moja tu. Ukijichavusha, jeni hizo hugawanyika upya kwa kila mbegu. Kwa kila jeni yenye nakala moja kwa mama, robo ya watoto, kwa wastani, huikosa kabisa. Mtoto aliyekosa R anaweza bado kuwa na T, ndiyo maana wengi walionekana wazima au wenye ugonjwa wa wastani. Aliyekosa zote mbili, bila k ya pande zote, hana tofauti na SL28 mbele ya chulebuni.

Kosa la muuzaji linaeleweka: alichagua miche kwa kuangalia ufupi wake. Ufupi wa Ruiru 11 unatoka kwa Caturra, babu yake upande wa Catimor, na unaongozwa na jeni nyingine kabisa, ambayo hurithiwa bila kufuatana na zile za kinga. Kutupa miche mirefu kulimpa kitalu kilichopendeza macho. Hakukuongeza kinga hata kwa mche mmoja. Kwa watafiti, miche ya kahawa hupimwa kinga ikiwa na wiki chache tu, kwa kupakwa spora kwenye shina laini lililo chini ya majani ya mbegu na kuangaliwa kama itaoza. Hakuna mkulima anayeweza kufanya kazi hiyo kwa macho akiwa kitaluni.

Batian iko tofauti hapa. Imechujwa kizazi baada ya kizazi hadi ikatulia, kwa hiyo huzalishwa kwa mbegu zake na watoto hufanana na mzazi. Sharti ni mbegu itoke mahali panapojulikana.

Uamuzi baada ya ukaguzi

Kwenye sehemu iliyopachikwa, machipukizi yote ya SL28 yaliondolewa hadi kwenye kisiki, na kovu la kupachika likapakwa rangi kwenye kila mti ili kibarua yeyote ajue kwamba kinachoota chini ya rangi hakina ruhusa ya kubaki. Visiki ambavyo vijiti vyake vilikufa viliachwa na machipukizi mawili ya kupachikwa upya.

Sehemu ya tatu ilizua ubishi mrefu kati ya mama na mwanawe. Kijana alitaka kung'oa yote. Mama alikataa kung'oa mti unaozaa. Tulikubaliana kukata ile iliyojaa ugonjwa na kuipachika Batian, ambayo kwa urefu wake inafaa nafasi pana, na kuiacha mingine ikiwa na alama. Naona mama alikuwa sahihi zaidi, kwa sababu mizizi ilikuwa imeshashika na kuanza na mche mpya kungegharimu miaka.

SL28 ilirudishiwa dawa za shaba kwa ratiba kamili, kuanzia kabla ya mvua. Kijana alipendekeza dawa ya kundi la kabendazimu kwa kuwa aliambiwa ina nguvu zaidi. Tuliikataa: kuvu cha chulebuni kilionyesha usugu dhidi ya kundi hilo hapohapo Kenya katika miaka ya 1970. Matunda yaliyokauka mtini yaliokotwa yote, shamba zima, na matawi ya ndani yakapogolewa ili upepo ukaushe majani mapema.

Miche ya kitalu ilipewa mbolea. Hilo halikuhitaji mkutano.

Matokeo

Msimu uliofuata pia ulikuwa na mvua za kutosha, kwa hiyo kipimo kilikuwa cha haki. Sehemu iliyopachikwa ilikaribia kuwa safi kabisa bila kupulizwa dawa ya chulebuni. Miche ya kitalu ilibaki safi, na madoa ya Cercospora yalipungua sana. SL28 ilipoteza matunda kadhaa lakini ilivunwa. Sehemu ya tatu ilipata nafuu isiyo kamili: miti yenye ugonjwa wa wastani iliendelea kuwa hivyo, na baadhi ya iliyodhaniwa safi ikaonyesha madoa.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kupachika kulifaa, na naamini kwa shamba la juu lenye SL28 ya zamani ndiyo njia bora kuliko zote walizojaribu. Lakini mti uliopachikwa ni miti miwili kwenye shina moja, na ule wa chini hauchoki kuchipua. Fundi alifanya kazi yake vizuri akaondoka. Hakuna aliyepewa jukumu la kurudi kila baada ya wiki chache kung'oa machipukizi. Hapo ndipo pengo kubwa lilipokuwa, kubwa kuliko la miche ya maotea, kwa kuwa ndilo lililofanya ugonjwa uonekane uko kila mahali.

Kuacha dawa shamba zima kwa mara moja kulichanganya mambo mawili. Miti kinzani ilistahili kuachiwa. SL28 haikustahili, na mistari yake michache isiyopulizwa ikawa chanzo cha spora kwa kila mti wenye kinga nusu uliokuwa karibu. Mti wenye T peke yake huweza kuvumilia spora chache na ukalemewa na nyingi. Sina shaka kwamba sehemu ya miti ya wastani ingeonekana safi kama jirani yake asingekuwa SL28 iliyotelekezwa.

Kumbukumbu hazikuwepo. Hapakuwa na ramani wala daftari la kuonyesha mstari upi ulitoka wapi. Tuliweza kutenganisha sehemu ya pili na ya tatu kwa sababu tu kijana alikumbuka mwaka wa kupanda na upande aliolima. Kama angekuwa safarini, ukaguzi ungetuonyesha "Ruiru 11" ambayo nusu ni safi na nusu inaugua, na pengine nami ningeondoka nikiamini kwamba kinga imevunjika.

Linalobaki ni ile miti ya sehemu ya tatu isiyowahi kuonyesha doa. Mama anataka kuchukua vijiti kwake na kupachika navyo, akiwa na hoja kwamba imejithibitisha. Bado nampinga. Mti huweza kukwepa ugonjwa kwa kuchanua mapema au kwa kusimama mahali palipo na upepo, na nje ukafanana kabisa na mti wenye kinga. Tumekubaliana alama zibaki, na hakuna kijiti kitakachokatwa kutoka hapo hadi miti hiyo ipite misimu mingine ya baridi na mvua ikiwa imebeba matunda. Kwa sasa, vijiti vya kupachika vinaendelea kutoka kitalu kilichoidhinishwa.